Kabla Hujalegeza Bolti ya Krenki

Kwenye maduka ya spea ya Gerezani, hapa Dar es Salaam, puli za aluminiamu hutundikwa mbele kabisa, pale jicho linapotua kwanza: za bluu, nyekundu, zambarau, zimepangwa kama bangili. Ukisimama tu, muuzaji atakuwekea moja kwenye kiganja cha kulia, kisha atachukua puli ya chuma iliyotolewa kwenye gari na kukuwekea kwenye kiganja cha kushoto. Hasemi kitu. Mkono wa kushoto unashuka wenyewe, na hapo biashara imeshafika nusu.

Mkono huo ulishanishuka na mimi. Nilinunua ya bluu kwa ajili ya Subaru Impreza yangu yenye injini ya EJ20. Sijutii kuinunua. Najuta namna ilivyofungwa mara ya kwanza, na nitafika huko. Kwanza tuelewane kuhusu kile unacholetewa kiganjani, maana neno moja linabeba bidhaa mbili tofauti na wauzaji wengi hawajisumbui kuzitenganisha.

Puli ya krenki ni lile gurudumu lililofungwa kwenye ncha ya krenki, mbele ya injini. Mabaharia wa majahazi wangeliita kapi. Linavuta mkanda, na mkanda unazungusha oltaneta, kompresa ya kiyoyozi, pampu ya pawa stelingi na, kwa baadhi ya injini, pampu ya maji. Bidhaa ya kwanza ni puli yenye kipenyo kilekile cha kiwandani ila nyepesi. Ya pili ni puli ndogo, yenye kipenyo kilichopunguzwa makusudi ili hivyo vyote vizunguke polepole na viile injini nguvu kidogo kuliko awali.

Tuanze na nyepesi. Haiongezi nguvu inayotengenezwa na injini. Petroli ni ileile, hewa ni ileile, pistoni zinasukumwa vilevile. Kinachopungua ni mzigo wa kuamsha. Kila ukikanyaga mafuta, sehemu ya nguvu inatumika kuharakisha vitu vyenyewe vinavyozunguka na krenki: flaiwili, puli na wenzao. Puli ya chuma ya Subaru ina uzito wa kilo 2 na ushei, ya aluminiamu ni kama nusu kilo. Ukitoa uzito huo, mshale wa resi unapanda kwa wepesi na unashuka kwa wepesi ukiachia. Utausikia kwenye gia ya kwanza na ya pili. Ukiwa gia ya tano unaelekea Chalinze kwa mwendo mmoja, puli hiyo haikusaidii chochote, wala haikupunguzii mafuta kwa kiasi utakachokiona kwenye risiti ya kituo.

Ukiambiwa utapata hospawa 10 au 15, cheka kwa adabu. Kuna mashine za kupimia nguvu zinazotumia ngoma nzito: gari linaizungusha ngoma, na kompyuta inahesabu imeongeza kasi haraka kiasi gani. Humo wepesi wa puli huonekana kama nguvu mpya, ingawa injini haijatengeneza hata moja ya ziada. Halafu puli ni ndogo. Uzito unaoichosha injini ni ule ulio mbali na kitovu, na ndiyo maana flaiwili nyepesi inasikika zaidi kuliko puli nyepesi, kwa gharama na kazi iliyo kubwa zaidi pia.

Puli ndogo ni habari nyingine, na hapa nina msimamo: kwa gari la mjini, achana nayo. Chukua mfano wa puli ya milimita 140 iliyobadilishwa na ya milimita 120. Kila kinachovutwa na mkanda kitapungua mwendo kwa asilimia 14 hivi. Kama puli ya oltaneta ina milimita 56, injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, kwa mizunguko 700, oltaneta ilikuwa inazunguka mara 1,750 kwa dakika. Sasa itazunguka 1,500. Oltaneta nyingi huwa dhaifu chini ya mizunguko 2,000 na kila unaposhuka hapo uwezo unaporomoka. Sasa jiweke Ubungo saa 12 jioni, mvua inanyesha, kiyoyozi kinafanya kazi, taa zimewaka, waipa zinakwenda, feni za rejeta zinaingia na kutoka. Umeme wote huo unadaiwa kwa oltaneta uliyoipunguzia mwendo mwenyewe, na deni linalipwa na betri.

Wazo la puli ndogo limetoka kwenye mashindano, ambako injini inakaa juu muda wote na vitu vinavyovutwa na mkanda vinazunguka kupita mahitaji. Najua penzi la Subaru limetoka wapi upande huu wa dunia. Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 mikononi mwa Richard Burns, na waliokuwa watoto wakati ule ndio wanaonunua puli za bluu leo. Ila magari yale yalisubiriwa na mafundi kwenye vituo vya huduma. Wewe unasubiriwa na kikao.

Kuna tofauti moja zaidi ambayo inategemea gari. Kwenye EJ, pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo ukubwa wa puli ya nje hauigusi. Kwenye 1NZ-FE, injini ya IST, Probox na baadhi ya Vitz, pampu ya maji inavutwa na mkanda wa nje. Ukiweka puli ndogo pale umepunguza pia mzunguko wa maji kwenye rejeta, kwenye foleni, kwenye jua la Februari.

(Wenye Mercedes C200 ya Kompressor au MINI Cooper S za zamani msichanganyikiwe. Puli ndogo mnayouziwa ninyi inafungwa kwenye supachaja yenyewe na inaiongezea mwendo badala ya kuipunguza, na hewa inayosukumwa ndani inapanda. Hapo nguvu ya kweli ipo, na hatari ya kweli pia, maana mafuta na taimingi ya cheche lazima vifuate. Si kazi ya Jumamosi nyumbani.)

Sasa mpira. Chukua puli ya zamani uitazame kwa mbele. Kama kati ya kitovu na duara la nje unaona utepe mweusi wa mpira, mwembamba, umezunguka mzima, jua kwamba ina kazi ya pili mbali na kuvuta mkanda. Kila mlipuko unapoipiga pistoni, krenki hujipinda kidogo mno kisha hujirudisha, kama nguo inayokamuliwa na kuachiwa, mara maelfu kwa dakika. Kuna resi ambazo mapigo hayo huangukia sawasawa na mtikisiko wa krenki yenyewe, na kujipinda kunakua. Duara la nje, kwa kuwa limeshikwa na mpira tu, huchelewa kidogo nyuma ya kitovu na kuumeza mtikisiko huo.

Krenki ndefu hujipinda zaidi ya fupi. Mark II Grande ya GX110 yenye 1G-FE ina pistoni sita kwenye mstari mmoja; 1JZ na 2JZ vivyo hivyo. Kwenye injini hizo, kutoa puli yenye mpira na kuweka kipande kigumu cha aluminiamu ni kuiachia krenki ijikamue bila wa kuizuia. Hutasikia kitu leo wala mwezi ujao. Madhara yanakwenda taratibu kwenye beringi, kwenye gia za pampu ya oili zilizokaa kwenye ncha ya krenki, na mwisho kwenye krenki yenyewe. Mwenye pistoni sita za mstari anayetaka puli bora anunue ya mashindano iliyotengenezwa na mpira au maji mazito ndani yake, au anunue mpya ya kiwandani, basi.

EJ ni fupi: pistoni nne zimelala mbili kila upande, krenki inashikwa na beringi kubwa tano. Waliofunga aluminiamu humo ni wengi na wengi wamekwenda nazo mbali. Hata hivyo puli zake nyingi za kiwandani zina utepe wa mpira, na ubishi wa kama mpira ule ni wa kutuliza kelele tu au wa kulinda krenki haujaisha na hautaishia gerejini kwetu. Mimi nilichagua upande. Wewe chagua ukijua kwamba unachagua.

Na kabla hujanunua chochote, fanya jaribio hili la bure. Safisha uso wa puli uliyonayo, kisha chora mstari mmoja ulionyooka kutoka kwenye kitovu, ukapita juu ya mpira, hadi duara la nje. Mimi niliazima rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, inashika vizuri kwenye chuma na haiogopi joto. Endesha wiki moja. Ukifungua boneti ukakuta mstari umekatika, kipande cha ndani kiko hapa na cha nje kimesogea kule, mpira umeachia. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa na umri wa miaka 10 na kuendelea, na mpira hauhesabu kilomita peke yake, unahesabu na miaka. Mkanda unaolia asubuhi licha ya kukazwa, puli inayoyumba ukiiangalia kwa pembeni, mara nyingi chanzo ni hiki. Mwenye tatizo hilo akinunua puli mpya yenye mpira ataona gari limetulia kuliko ambavyo aluminiamu yoyote ingemtuliza.

Mambo mawili ya kukagua bado, kabla ya spana. Mosi, wenye Mazda Axela na Atenza za 2.0 na 2.3 za kizazi cha kwanza: gia ya taimingi ndani ya injini hizo haina kii, kile kipande cha chuma kinachoizuia isiteleze kwenye krenki. Inashikwa na mbano wa bolti ya krenki tu. Ukilegeza bolti ili utoe puli, taimingi imepotea hapohapo, na kuirudisha kunahitaji vifaa maalumu. Msiguse. Pili, kwenye Toyota za 1NZ shingo ya puli inapita ndani ya sili ya oili ya mbele, na mdomo wa sili unasugua juu ya shingo hiyo. Chuma kilichong'arishwa kinavumilia; aluminiamu tupu inachimbika na oili inaanza kutoka. Kama puli unayouziwa haina shingo ya chuma, irudishe kwenye msumari wake.

Vifaa: spana za 10, 12 na 14, soketi ya 22 kwa Subaru au ya 19 kwa 1NZ, pawa ba ndefu, na toki renchi, ile spana yenye kipimo. Huna toki renchi? Azima, kodi, au ahirisha. Hiki ndicho kifaa pekee kwenye orodha hii ambacho hakina mbadala. Ondoa waya wa hasi wa betri. Kwenye Subaru huhitaji hata jeki: ukitoa feni za rejeta unapata nafasi ya mikono kutoka juu. Kwenye IST puli iko upande wa dereva, unaifikia kwa kutoa gurudumu la mbele la kulia na plastiki ya ndani. Hapo weka stendi chini ya gari. Tofali si stendi. Nimeona tofali la saruji likipasuka katikati kwa sauti ya kukohoa tu, na nashukuru chini yake kulikuwa na ndala bila mguu.

Piga picha njia ya mkanda kwa simu kabla hujautoa, maana baada ya saa mbili utaapa ulikuwa unapita kwingine. Legeza bolti ya kufungia oltaneta, kisha ile ndefu ya kurekebishia, mkanda utalegea wenyewe.

Bolti ya krenki ndipo wengi wanapofanya ujinga. Unapoivuta, krenki yote inazunguka nayo. Mafundi wa kijiweni wana njia yao: pawa ba inaegemezwa kwenye chasisi, mtu anaingia ndani, anapiga starta mara moja, bolti inalegea. Inafanya kazi. Pawa ba pia inaweza kuchomoka na kupita kwenye rejeta, au kwenye mkono wa aliyekuwa anaishikilia. Kwenye gari la gia za mkono, weka gia ya tano, mtu akanyage breki, uvute taratibu. Kwenye otomatiki njia hiyo haishiki. Subaru za EJ zina kiziba cha mpira juu ya kasha la gia, nyuma ya injini. Kukitoa kunakupa tundu la kuingiza bisibisi nene na kulizuia bamba lenye meno lisizunguke. Kwa nyingine, zungushia puli ya zamani mkanda mkuukuu na uibane kwa spana ya mnyororo.

Puli ikigoma kutoka, itikise kwa mikono kushoto na kulia, sogeza, tikisa tena. Usipige nyundo wala usichokonoe kwa bisibisi kwenye kasha la taimingi, ni laini na linapasuka. Ikishatoka, pangusa ncha ya krenki kwa kitambaa, tazama kii imekaa sawa kwenye kitanda chake, tazama kama kuna unyevu wa oili. Kama sili inavuja, ibadilishe sasa, ukiwa umeshafika hapo. Puli mpya ya aluminiamu ikiwa inabana, iache juani nusu saa. Jua la Dar es Salaam linatosha kuipanua. Itaingia kwa kusukumwa na viganja.

Mkanda: ukibakiza kipenyo kilekile, wa zamani unafaa kama haujapasuka. Kama umekaidi ukachukua puli ndogo, soma maandishi ya mgongoni. 4PK1120 maana yake mifereji minne na urefu wa milimita 1,120. Kipenyo kikipungua milimita 20, na mkanda ukiwa unazunguka nusu ya puli, unahitaji mkanda mfupi kwa milimita 31 hivi, kwa hiyo tafuta 4PK1090. Usidhani oltaneta itavutwa nyuma hadi iufidie ule mrefu. Mwisho wa reli yake uko karibu kuliko unavyofikiri.

Kisha bolti. Kwa 1NZ-FE ni Nm 128. Kwa EJ kiwango kimebadilika kadiri ya miaka na aina, kwa hiyo tafuta cha injini yako hasa, si cha Subaru ya jirani. Safisha nyuzi, anza kwa vidole, malizia kwa toki renchi. Spana ya upepo ni ya kufungulia tu.

Na hapa ndipo ya kwangu ilipoharibikia. Sikuwa na toki renchi, na rafiki yangu mmoja, fundi mzuri kwa mambo mengine, alikaza kwa hisia. "Mkono unajua, kaka," akaniambia. Kwa siku kumi na kitu mkono ulijua. Gari lilikuwa jepesi, nilikuwa napiga resi bila sababu kwenye taa za barabarani kama kijana wa miaka 19. Halafu asubuhi moja, injini ikiwa sailensa, nikasikia tok, tok, tok kutoka chini. Nikizidisha mafuta inapotea, nikiachia inarudi. Watu watatu walisikiliza, wote wakasema injini imegonga, beringi za konrodi zimekwisha, tafuta injini nyingine. Mmoja tayari alikuwa na namba ya mwenye nayo.

Wa nne alikuwa mzee mmoja wa Ilala ambaye hakusikiliza kabisa. Alizima gari, akashika puli ya bluu kwa vidole viwili, akaisukuma. Ikacheza. Bolti ilikuwa imelegea, puli ilikuwa inagonga kii kila mzunguko, na tundu lake lilikuwa limechimbika mpaka limekuwa kama yai. Gia ya taimingi nyuma yake ilikuwa imeanza kuguswa. Nilinunua puli ya pili, kii mpya, gia mpya, na toki renchi. Ukijumlisha, puli ile nyepesi ndiyo kitu kizito kuliko vyote nilivyowahi kufunga kwenye gari lile.

Kwa hiyo ukishakaza na kuwasha, usiondoke kwenda kuonyesha watu. Simama pembeni, si mbele, utazame ukingo wa puli: ukiyumba, zima. Sikiliza sailensa dakika tano. Weka mita kwenye betri. Ukiwa sailensa unataka kuona volti 13.8 hadi 14.5. Washa taa, kiyoyozi na feni kwa pamoja: ikishuka chini ya 13 na kubaki huko, oltaneta haikidhi. Baada ya kilomita mia chache pima tena mkazo wa mkanda, na weka toki renchi kwenye bolti kwa kiwango kilekile uone kama inalia papo hapo bila kusogea.

Ya zamani usimpe mwenye mkokoteni wa vyuma chakavu. Pake oili nyepesi, ihifadhi. Siku ukiuza gari mnunuzi anaweza kuitaka, na siku aluminiamu ikikushinda hutaanza kuzunguka Gerezani kuitafuta. Yangu iko chini ya kitanda cha wageni, imefungwa kwenye gazeti, na ule mstari mwekundu wa rangi ya kucha haujakatika mpaka leo.